Klachi Ngumu

Mume wangu alianguka kutoka kwenye mparachichi ulio nyuma ya zizi letu, Kibosho, asubuhi ya Jumamosi, akiwachumia wanunuzi waliokuja na pikapu. Tawi halikukatika. Aliteleza tu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na gome lilikuwa bado limelowa. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori, nikasikia wale wanunuzi wanapiga kelele, nikadhani wanagombania bei. Nilipofika alikuwa amelala chali juu ya majani makavu ya migomba, macho wazi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, sisikii miguu."

Alikuwa dereva wa lori, lori lake mwenyewe. Kwa miaka mingi alibeba ndizi kutoka huku kwetu mlimani hadi Dar es Salaam, usiku na mchana, na hakuwahi kupata ajali ya kumtoa damu. Watu waliokuja kutupa pole walilirudia jambo hilo mpaka nikachoka kulisikia. Walishika kichwa, wakasema lori lote lile, barabara yote ile, halafu mparachichi wa nyumbani. Nilikuwa nawaitikia huku nawamiminia chai.

Hospitalini alikaa muda mrefu. Daktari aliyenipa majibu aliniita koridoni, akaniambia uti wa mgongo umeumia pabaya, mikono itabaki kuwa mizima lakini kuanzia kiunoni kwenda chini tusitegemee kitu. "Hatatembea tena, mama," alisema. "Usije ukauza ng'ombe kumpelekea mganga." Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Tulipomrudisha nyumbani tulihamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu chumbani hapakuwa na nafasi ya kupita na kiti cha magurudumu. Kutoka dirishani aliona migomba, kona ya zizi, na gari lake jeupe chini ya bati. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la zamani, la aina ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Alilinunua likiwa limekufa injini kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Kilema, akalivuta mpaka nyumbani kwa lori, akaitoa ile injini mbovu, na tangu hapo likakaa linamsubiri. Alitaka kulifungia injini yenye nguvu ya kupanda kutoka Moshi mjini hadi getini kwetu bila kunung'unika. Kabla ya kuanguka alikuwa akiniambia, "Maisha yangu yote napanda huu mlima na mizigo ya watu. Siku moja nataka nipande mwenyewe, bila mzigo, kwa raha zangu." Mimi nilikuwa namcheka. Lori lilihitaji matairi, watoto walihitaji ada, na gari likabaki chini ya bati, kuku wakilitagia ndani.

Miezi ya kwanza hakuzungumza. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza ili mgongo usioze, na yeye alikuwa anaangalia ukuta. Mama yake, anayeishi nyumba ya pili ndani ya kihamba hiki hiki, shamba letu la ukoo, alikuwa akija asubuhi na rozari yake, anakaa mguuni pa kitanda, anasali kwa Kichagga. Mwanaye hakumtazama hata yeye. Watoto wetu wawili wako mbali, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza. Walipiga simu, nikawa naweka simu sikioni kwake, wanalia, naye anasema "sawa" tu, kisha anafumba macho.

Aliyemtoa kwenye ule ukimya ni rafiki yake, fundi mwenye gereji Majengo, mjini. Walikuwa pamoja tangu ujana, wakati mume wangu alipokuwa utingo na yule anajifunza kushika spana. Mimi ananiita shemeji. Alikuwa akija Jumapili baada ya misa, anakaa kwenye kiti, anazungumza peke yake. Jumapili moja alikuwa anasimulia habari zisizo na kichwa wala miguu, za wateja wasiolipa, za mvua, za polisi, halafu akasema kwamba duka moja la spea mjini limeshusha injini kutoka Japani, lita mbili, silinda nne, kamshafti mbili juu, ya gari la kusukuma nyuma.

"Bloku ni ya chuma au ya alumini?"

Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Fundi akajibu kana kwamba wamekuwa wakizungumza tangu asubuhi. "Ya chuma, kaka."

"Umeiona kwa macho?"

"Nimeiona kwa mbali."

"Mbali haisaidii," mume wangu alisema. "Mama ataenda kesho."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya injini. Nilikuwa nashuka mjini kila siku kupeleka maziwa kwa wateja wangu, na baada ya maziwa nikaanza kupita kwenye maduka ya spea. Siku hiyo ya kwanza nilisimama mbele ya lile lichuma lenye grisi, simu sikioni, mwenye duka ananiangalia kama mtu aliyepotea njia ya sokoni. Mume wangu alinielekeza nikiwa palepale. Niombe waondoe silinda hedi. Niingize kidole ndani ya tundu, nipitishe ukucha kwenye ukuta wa silinda kutoka juu kwenda chini, taratibu.

"Ukucha unakwama?"

"Kwenye ukuta huu wa kwanza haukwami. Ni laini kama bakuli."

"Nenda wa pili."

Silinda ya tatu ilikuwa na mkwaruzo, ukucha ulikwama. Nilimwambia. Nikasikia anapumua. Kisha akasema, "Ichukue. Zitachongwa zote nne, tutaweka pistoni kubwa kidogo. Mwambie mangi mwenye duka apunguze bei kwa sababu ya hiyo ya tatu." Mwenye duka alipunguza. Nadhani alipunguza kwa mshangao tu.

Fedha zilitoka kwenye lori. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema liuzwe, na sikubishana naye. Sehemu ilikwenda hospitalini, sehemu kwenye chakula cha ng'ombe, sehemu ikaingia kwenye injini.

Sasa nyumba yetu ilianza kuwa na mazungumzo. Fundi alikuja Jumapili, akaja na Alhamisi. Walibishana kama zamani. Fundi alitaka waweke turbo, alisema siku hizi vijana wote wa Arusha wanaweka turbo, gari linaruka. Mume wangu alikataa. Alisema turbo ni nguvu inayokuja ghafla, na barabara yetu ina kona, mawe, watoto wa shule na ng'ombe. "Nataka nguvu inayoanza chini," alisema. "Ukigusa tu, iwepo. Usiisubiri."

Pistoni walizibishania wiki nzima. Zipo za kumimina, zinazotoka na injini za kawaida, na zipo za kufua, ngumu zaidi, ambazo unaziagiza. Mume wangu alitaka za kufua. Kisha likaja suala la mgandamizo, yaani injini ikaze ule mchanganyiko wa hewa na mafuta kiasi gani kabla ya kuuchoma. Hapo ndipo nilipokaa chini na kusikiliza kweli, kwa sababu alikuwa anaongea kuhusu mahali petu. Alisema huku juu Kibosho hewa ni nyembamba, injini inavuta kidogo, kwa hiyo unaweza kukaza sana na ikafurahi. Lakini gari hilohilo litashuka Moshi mchana wa Februari, kwenye joto, likiwa na mafuta ya kubahatisha kutoka kituo chochote, na hapo ukikaza sana litaanza kugonga ndani, pistoni zitatoboka. "Ni gari la barabarani," alisema. "Lazima liishi juu na chini." Wakachagua kiasi cha katikati.

Na kamshafti vilevile. Kuna zile zenye kufungua valvu kwa muda mrefu, injini inapiga kelele tamu ikikimbia, lakini ikisimama inatetemeka na kuzimika. Nilimuuliza, "Sasa si uchukue hizo kali, kama unataka nguvu?"

Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kunitazama usoni kama mume. "Mama, gari la barabarani lazima likubali kusimama. Utakuta maandamano ya harusi, utakuta msiba, utakuta mtu anavusha mbuzi. Likizimika pale, wewe ni kichekesho."

Nilicheka. Yeye pia alicheka. Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage, alisikia, akaja kusimama mlangoni kuangalia kuna nini.

Kama kuna wakati ninaoukumbuka vizuri kuliko mwingine wote, ni wiki za kusaga valvu. Fundi alileta silinda hedi baada ya kuisafisha, tukaweka ubao juu ya kitanda, na hedi juu ya ubao, mbele ya kifua chake. Mikono yake ilikuwa mizima. Alipaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa kila valvu, akaishika kwa kijiti chenye mpira, akakisugua katikati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Zilikuwa valvu kumi na sita. Alisaga, akaifuta, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta kama duara la kijivu limetimia bila pengo, akarudia tena. Ikitimia, tuligeuza hedi, tukamimina mafuta ya taa, na kusubiri kuona kama yanavuja. Sebule yote ilinuka mafuta ya taa. Shuka zangu ziliharibika. Jioni nilimnawisha vidole kwa majivu na sabuni, akalala bila kuomba dawa ya usingizi.

Mama mkwe hakupenda. Aliniita nyumbani kwake siku moja, akanipa kikombe cha maziwa mgando, akasubiri ninywe.

"Mwanangu," alisema, "hivi vyuma mnavyomletea, vitamsimamisha?"

"Hapana, mama."

"Basi mnamdanganya. Wewe na yule rafiki yake. Mnamdanganya mwanangu, na siku akijua itakuwa mbaya kuliko siku alipoanguka."

Nilimwambia kwamba sasa anakula. Nilimwambia kwamba anaongea. Alitikisa kichwa, akachukua kikombe, akaenda kukiosha mwenyewe, jambo ambalo huwa hafanyi nikiwepo.

Alikuwa sahihi, ila hakuna aliyekuwa amelisema hilo mbele ya mume wangu. Tulichagua springi za valvu zinazolingana na kamshafti. Tulichagua pampu ya oili, gasketi ya chuma, rejeta yenye safu mbili. Fundi wa kuchomelea wa mjini alitukunjia mabomba ya eksozi kwa kipimo ambacho mume wangu alimchorea. Katika yote hayo hakuna hata mara moja mtu aliyetaja nani atakaa kwenye usukani. Tulikuwa tunasema "gari litapanda", "gari litashuka", kana kwamba linajiendesha.

Lilikuja kutajwa kwenye klachi.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa nimepika kiburu cha ndizi na maharage, tumemaliza kula, namimina chai. Fundi alikuwa amefurahi, alisema sasa tuko mwishoni, imebaki klachi tu. Akaeleza kwamba ile ya kawaida itateleza, nguvu ya injini hii itaishinda. Ipo nyingine, sahani yake imekaza zaidi, hiyo haitelezi hata ufanye nini.

"Tatizo lake ni moja," akasema. "Ni ngumu. Niliifunga kwenye gari la mteja, nikakaa nalo kwenye foleni pale mjini, mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka."

Alipomaliza kusema ndipo aliposikia alichokisema. Niliona uso wake unabadilika. Nilikuwa nimeinua birika, nikabaki nimeliinua.

Mume wangu alitazama blanketi, pale ambapo miguu yake ilikuwa imelala. Alitazama muda mrefu.

"Mguu wa nani?" akauliza.

Fundi aliinamia viatu vyake.

"Nimekuuliza swali la kazi. Mguu wa nani?"

"Kaka, nisamehe. Nimeteleza ulimi."

"Hujanikosea. Nataka kujua ili nichague. Kama ataendesha mke wangu, tafuta nyepesi, hata ikiteleza. Kama utaendesha wewe, weka ngumu, una miguu ya kutosha. Niambie."

Mimi sijui kuendesha, na wote watatu tulilijua hilo. Fundi alisema kwa sauti ndogo, "Ni gari lako, kaka."

"Langu?"

"Lako."

"Basi weka ngumu," mume wangu alisema. "Mguu wangu hauchoki."

Akageuza uso dirishani. Fundi alisimama, akasema anakwenda kuangalia tairi moja la gari. Nilipomfuata baadaye nilimkuta nyuma ya zizi, ameegemea ukuta wa mbao, shati amelivuta mpaka machoni. Aliniambia, "Shemeji, mimi sirudi tena." Lakini alirudi. Alirudi Alhamisi kama kawaida, na ile klachi ngumu kwenye boksi.

Baada ya siku hiyo mume wangu alianza kubadilisha mawazo. Tulikuwa na kila kitu, na yeye akaanza kukitilia shaka kila kitu. Alisema kamshafti tulizochagua ni za kinyonge mno, nikazirudishe. Nilishuka nazo mjini nimezifunga kwenye kitenge, nikarudi na nyingine. Wiki mbili baadaye akasema hizi zitazimika kwenye msongamano, nikachukue zile za kwanza. Alitaka kabureta mbili pembeni, kisha akataka mfumo wa umeme wa kunyunyiza mafuta, kisha akataka kabureta. Konrodi zilikuwa nzuri, halafu zikawa nzito. Mwenye duka alichoka nami. "Mama," aliniuliza siku moja, "mzee wako anataka nini hasa?" Nilimwambia hajaamua.

Nilikuwa nimeshaelewa. Fundi pia alikuwa ameelewa. Injini ikiisha, kesho yake asubuhi kutakuwa na nini? Kwa hiyo sikumkatalia. Nilipanda na kushuka na zile spea, nikiomba tu aendelee kutokuamua.

Lakini mwili wake haukusubiri. Kidonda kilifunguka chini ya mgongo, mahali ambapo nilikuwa nakagua kila asubuhi na bado kikanipita. Kikaja na homa. Tulirudi hospitalini, safari hii muda mrefu zaidi, akatoka amekonda, mikono imekuwa kama ya mtoto. Hakuweza tena kushika silinda hedi hata kama tungempa.

Na hapo mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Fundi alikuwa amekuja kumsalimia mgonjwa. Alimwamkia yule bibi, "Shikamoo mama," naye akaitikia, halafu akamshika mkono hapohapo mlangoni.

"Mfungieni mwanangu hilo gari lake," akasema. "Alione."

Fundi alinitazama. Tukaingia ndani. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akasema, "Kaka, kila kitu kipo. Naomba ruhusa nifunge."

Nilitegemea mume wangu aanze kuuliza habari za kamshafti. Hakuuliza. Alisema, "Fungeni."

Gari lilivutwa likaenda mjini. Lilipoondoka, chini ya bati pakabaki udongo mkavu na manyoya ya kuku, na yeye alikuwa anapaangalia pale. Fundi alituma picha kwenye simu: bloku imechongwa, inang'aa, pistoni zimeingia, hedi imefungwa. Nilimwonyesha kila picha. Aliangalia, akasema "sawa". Mara moja tu alisema zaidi. Aliomba niikuze picha ya pistoni ikiwa ndani ya silinda, akaitazama, akasema, "Amefanya kazi safi."

Siku ya kuliwasha tulimtoa nje. Tulimweka kwenye kiti cha magurudumu, nikamfunga blanketi kiunoni na miguuni, kwa sababu ukungu ulikuwa umeshuka na kulikuwa na baridi. Majirani wawili walisimama kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maji yakipita miguuni pao. Fundi alikuwa amelipandisha gari kutoka mjini juu ya lori la mtu. Alisema hakutaka kuliendesha kabla mwenyewe hajalisikia.

Akawasha. Lilikohoa kidogo, kisha likashika. Sijui nilitegemea nini, pengine kelele kubwa. Ilikuwa sauti nzito, iliyotulia, inayopiga sawasawa, na nilihisi udongo unatetemeka chini ya kandambili zangu. Ng'ombe walisogea kona ya zizi. Mume wangu aliinamisha kichwa pembeni, sikio likielekea kwenye boneti, macho amefumba. Fundi alimwangalia yeye, hakuangalia injini.

"Acha ipate moto," mume wangu alisema.

Tukasubiri wote. Baadaye akasema, "Nenda nalo mpaka kanisani, urudi. Usilikimbize. Likifika kwenye kona ya juu, lifungue."

Fundi aliondoka. Tulilisikia linapita nyuma ya migomba ya jirani, likapotea kidogo kwenye korongo, kisha likaanza kupanda. Kwenye kona ya juu alilifungua. Sote tulisikia. Sauti ilipanda bila kukwama, ikapita mahali ambapo lori lake lilikuwa linabadilisha gia kila safari, ikaendelea kupanda tu, safi kabisa, mpaka mlima ukaimeza. Mmoja wa majirani alipiga mluzi. Nilimtazama mume wangu, nikitabasamu kama mjinga, nikiyatafuta macho yake.

Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

Fundi aliporudi alitoka garini jasho linamtoka. "Kaka, ni kama ulivyosema. Ukigusa, ipo." Akafungua mlango wa abiria. "Nikuweke ndani? Tukazunguke?"

"Imetoka vizuri," mume wangu alisema. "Asante. Zima."

"Tuzunguke kidogo tu, kaka. Mimi na shemeji tutakubeba."

"Zima, tafadhali."

Akazima. Kukawa kimya mpaka tukasikia maji kwenye mfongo. Mume wangu akaniambia anasikia baridi, nimrudishe ndani.

Baada ya hapo hakuongea tena kuhusu injini. Nilijaribu. Nilimwambia giaboksi ni ya zamani, vipi tukitafuta ya gia sita? Akasema iliyopo inatosha. Fundi alileta habari za breki, za springi za chini, za tairi pana. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza katekista. Jumapili zikawa fupi. Fundi sasa anakuja mara moja kwa mwezi, wakati mwingine hata mwezi unapita. Simlaumu. Anakaa kwenye kile kiti, anazungumza peke yake, kama mwanzo.

Gari aliniambia niliuze. Nilimwomba tusubiri kidogo, akasema, "Uza, Mama. Gari likikaa linaoza." Alikuja kijana mmoja kutoka Arusha, amevaa miwani ya jua, akaanza kuuliza maswali uani. Mgandamizo kiasi gani? Pistoni ni za kufua? Kamshafti za namna gani? Nilimjibu yote. Alivua miwani, akaniuliza, "Mama, wewe ni fundi?" Nikamwambia mimi nauza maziwa. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi, na najua mume wangu alikuwa anasikia kila neno, kwa sababu lilikuwa hatua chache tu kutoka tulipokuwa tumesimama. Nilitamani arekebishe jibu moja, hata moja tu, kwa hiyo moja nililikosea kwa makusudi. Nilisema rejeta ni ya safu moja. Yule kijana akaandika kwenye simu yake. Ndani kulikuwa kimya. Ikabidi nijirekebishe mwenyewe.

Lilipoondoka niliingia ndani kumwambia limekwenda.

"Aliliacha lipate moto kwanza?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Vizuri."

Sasa ni msimu wa kahawa. Mibuni michache iliyobaki nyuma ya nyumba imeiva na sina mtu wa kunisaidia kuchuma, nachuma mwenyewe jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe. Kile kidonda hakijafunga. Muuguzi anayekuja kukisafisha haniambii kitu tena, anavaa glavu, anasafisha, anatuaga. Mama mkwe bado anakuja asubuhi na rozari, ila siku hizi anasali kimoyomoyo.

Nilimnunulia redio. Baadaye nilimletea ubao wa drafti, nikamwambia anifundishe kucheza. Nikamwambia tufuge sungura, mabanda tuyaweke pale chini ya bati ili awaone kutoka dirishani, na yeye ndiye achague aina. Ilikuwa wiki iliyopita, nilikuwa namlisha mtori. Alimeza, akasubiri nifute kidevu chake, akanishika mkono wenye kijiko.

"Mama," akasema, "usinitafutie kingine."

Nilitaka kumwambia kwamba sitafuti kitu, ni mawazo tu. Nikamwambia sawa. Akaachia mkono, nikaendelea kumlisha mpaka bakuli likaisha.